BETRI YA KAMERA YAISHA UPESI: TAFUTA SABABU KABLA YA KUNUNUA NYINGINE

Siku hizi si ajabu kuona kamera ndogo juu ya ghala la mahindi au mlangoni pa zizi. Hapa Tongaren, katika mashamba ya Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962, kila nyumba husimama peke yake katika ekari zake, na mara nyingi waya wa stima haufiki ghalani. Kwa hiyo kamera ya betri isiyo na waya yatufaa sana. Lakini kamera iliyozimika usiku wa manane hailindi gunia wala ng'ombe.

Mkulima akiona betri imekwisha kwa siku chache, hukimbilia dukani. Afadhali kwanza ajue betri inaliwa na nini.

Kamera ya namna hii hulala. Kitu chenye joto kikipita mbele yake huamka, hurekodi, hupeleka habari kwenye simu, kisha hulala tena. Kinachomaliza betri ni kule kuamshwa. Basi fungua simu uhesabu kamera imeamka mara ngapi jana. Ikiwa ni mara 100, kila mara sekunde 15, imefanya kazi dakika 25. Ikiwa ni mara 12, ni dakika 3 tu. Tofauti hiyo ndiyo betri yako.

Ukiona hesabu ni kubwa, fanya hivi:

Kwanza, tazama kinachoiamsha. Huenda ni ng'ombe zizini, mbwa, watu wa barabarani, au majani ya mgomba yaliyopata joto la jua na kutikiswa na upepo. Ifunge kamera kimo cha mita 2 au 3, uiinamishe kidogo, itazame mlango wa ghala tu. Isitazame barabara wala boma la jirani. Hivyo utalinda betri na ujirani pia. Mahindi yaliyokuwa mafupi mwezi wa Mei huwa marefu mwezi wa Julai, basi kagua tena.

Pili, punguza ukali wa kihisi, na ufupishe muda wa kurekodi. Kuchagua "watu tu" hupunguza kelele za simu, lakini kamera nyingine huamka kwanza ndipo zichague. Kuigeuza ndiyo dawa ya hakika. Tena usiifungue kila saa kutazama. Kila unapotazama, betri yaliwa.

Ikiwa hesabu ni ndogo na betri bado yaisha, chunguza mambo matatu.

La kwanza ni mtandao. Kamera isiyoshika mtandao vizuri hutumia nguvu nyingi kuutafuta. Ukuta wa mabati huzuia mawimbi. Isogeze ruta karibu na dirisha linaloelekea ghala. Na kamera ya laini ya simu uihamishie mahali penye mtandao mzuri.

La pili ni paneli ya sola. Sisi tuko karibu na Ikweta, na jua hupita juu ya vichwa vyetu. Paneli iliyotundikwa wima ukutani kama picha hupata jua kidogo. Ilaze, uiinue kiasi cha digrii 10 au 15 ili mvua ioshe vumbi. Isikae chini ya mti wala ukingo wa paa. Miezi ya mvua mawingu ni mengi, basi ifute kwa kitambaa kila juma.

La tatu ni betri yenyewe. Betri za lithiamu huchoka. Baada ya kujazwa mara 300 hadi 500, nyingi hupungukiwa nguvu. Ukinunua nyingine, jihadhari na maandishi. Betri ya duara ya namna ya 18650 iliyo nzuri hubeba kiasi cha mAh 3,500. Ikiandikwa 9,900, huo ni uongo. Iliyovimba usiitumie wala usiitupe motoni.

Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, uandike asilimia ya betri asubuhi na jioni kwa siku tatu. Ukibadili yote pamoja, hutajua lipi lililoponya. Kazi hii ifanywe kabla ya mavuno, ghala lingali tupu.