Mashavu si misuli

Muulizaji hubadilika sura, swali halibadiliki. Ni kijana wa miaka ishirini na kidogo, ananyanyua bomba lenye ndoo za zege chini ya mwembe kwa wiki sita au saba sasa, na mkono bado haujajaa shati. "Dokta, nitumie nini mwili ujae?" Hasemi anakula nini. Hasemi analala saa ngapi. Wala haulizi kama wiki sita zinatosha kuonyesha chochote. Anataka jina la kitu cha kumeza, na mara nyingi jina analo tayari, vidonge viko mfukoni, anachosubiri kwangu ni ruhusa.

Ruhusa sitoi. Na kwa kuwa nimeshachoka kumweleza mmoja mmoja huku foleni ya wagonjwa inanung'unika nje, acha niandike mara moja.

Kwanza hesabu, kwa sababu wengi mnapima kwa picha za kwenye simu. Mwaka 2018 Robert Morton na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walijumlisha tafiti 49 zilizohusu watu 1,863 waliofanya mazoezi ya uzito, wengi wao kwa muda wa miezi mitatu hivi. Wastani wa mwili usio na mafuta walioongeza ulikuwa kilo 1.1. Soma tena: kilo moja na gramu mia, imesambaa kuanzia shingoni hadi kwenye vigimbi. Waliopewa protini ya ziada, ile poda ya makopo mnayoisifia, waliongeza gramu 300 juu ya hapo. Basi.

Huo ni wastani, na wastani huficha watu. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa watu 585 waliofanyishwa mazoezi ya mkono mmoja kwa wiki 12, programu moja kwa wote. Kwa jumla msuli wa mkono ulinenepa kwa asilimia kama 20. Lakini yupo aliyeongeza asilimia 59, na yupo aliyepungua asilimia 2. Mazoezi yale yale, wiki zile zile. Kwa hiyo rafiki yako aliyetuna kabla yako huenda hana siri yoyote ya kukuficha, amezaliwa hivyo.

Kwa makadirio ambayo makocha wakweli huyatoa, mwanaume anayeanza, anayekula vizuri na asiyekosa mazoezi, mwaka wa kwanza atapata kilo tatu hadi tano za msuli. Wachache hupita hapo. Mwaka wa pili hupata kama nusu yake, na wa tatu hupungua tena. Wanawake hupata kwa uwiano ule ule wa mwili wao, ila kilo zenyewe ni chache zaidi, kwa hiyo dada anayeogopa kuamka asubuhi na mabega ya baunsa anaogopa kitu ambacho mabaunsa wenyewe wamekihangaikia miaka.

Kinachowachanganya ni kwamba nguvu hutangulia. Wiki za mwanzo uzito unaouinua hupanda haraka, wakati tepu ya fundi cherehani inasoma namba ile ile. Si uchawi. Ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuziamsha nyuzi za msuli ulizokuwa nazo tangu zamani, na jambo hilo limeandikwa vizuri tangu 1979. Kunenepa kwa nyuzi zenyewe huja nyuma, polepole.

Hapa kwetu Unyamwezini hoja huja na nyongeza ya ukoo: babu zetu walibeba pembe hadi Bagamoyo, nguvu iko kwenye damu, mbona mimi sitoki? Walibeba kweli. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kilo 32 hivi, na njia ya kutoka pwani hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, ilizidi kilometa 800. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Mtu aliyekwenda na kurudi njia ile na mzigo begani hakuwa dhaifu. Lakini hakuwa na kifua cha sinema pia. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba cha nafaka, kama gramu 700, ambazo ni kilokalori 2,400 hivi, kwa mtu anayetembea nusu siku na nusu ya uzito wake begani. Chakula chote kiliishia barabarani. Misuli yao ilijifunza kuchelewa kuchoka. Kunenepa kulihitaji chakula cha ziada na mapumziko, na msafara haukutoa hata kimoja.

Usipoamini historia, nenda kwenye mashine za mpunga hapa Bukene wakati wa msimu. Yupo pale mwembamba, mbavu unaweza kuzihesabu, anapanda ubao wa fuso na lumbesa mgongoni, anashuka, anapanda tena hadi jioni. Mchukue mtunisha misuli yeyote umpe zamu yake, saa nne asubuhi atakuwa kivulini anaomba maji. Nguvu ya kazi na ukubwa wa mwili ni vitu viwili, na kijana anayepakia magunia kutwa kisha akaenda kunyanyua zege usiku kwa sahani moja ya ugali na mlenda asishangae akizidi kukonda.

Sasa vidonge.

Deksa. Jina kamili deksamethasoni, kidonge kidogo cha miligramu 0.5, bei yake haimtishi mtu. Kisheria ni dawa ya cheti cha daktari. Mtaani inapatikana kwa anayejua kuiomba. Wanaoiuza kama dawa ya kunenepa wana hoja ambayo kijana huimeza kabla ya kidonge: watunisha misuli wakubwa wanatumia steroidi, deksa ni steroidi, basi deksa itakutunisha.

Steroidi ni familia kubwa ya kemikali zenye umbo linalofanana, na ndani yake wamo ndugu wanaofanya kazi kinyume kabisa. Testosteroni hujenga msuli. Kotisoli huuvunja. Deksamethasoni na prednisoloni zimetengenezwa kiwandani kuiga kotisoli, tena kwa ukali zaidi: kidonge kimoja cha miligramu 0.5 kinakaribia kazi ya kotisoli yote ambayo mwili wako hutengeneza kwa siku nzima. Unayemeza vitatu umejirundikia mara tatu ya hapo.

Na kotisoli hufanya nini? Ni homoni ya wakati wa njaa na hatari. Huuamuru mwili utafute sukari haraka, na mahali pa karibu pa kuchukua malighafi ni protini ya misuli. Huivunja, huipeleka kwenye ini, ini huigeuza sukari. Mtu anayemeza deksa ili ajenge kifua anang'oa nguzo za nyumba yake apate kuni za kupikia, kisha anaita majirani waone moto ulivyo mkubwa.

Maana moto unaonekana, hilo sikatai. Hamu ya kula inapanda. Mashavu yanajaa. Tumbo linatoka, nyama inajijenga nyuma ya shingo. Mama anafurahi, mtaa unasema amependeza, na kijana anakuja kunitambia kwamba ameongeza kilo nne kwa wiki tatu. Kilo nne kwa wiki tatu! Rudi kwenye hesabu ya kilo 1.1 kwa miezi mitatu uniambie hizo ni kilo za nini. Ni mafuta, ni maji, na ni ugali ambao bado uko njiani tumboni. Mtazame mikono na miguu badala ya mashavu, utaona inapungua.

Kipimo ninachokitumia hakihitaji umeme. Namwambia achuchumae kama yuko chooni, kisha ainuke bila kushika kitu. Aliyetumia deksa kwa miezi hupata tabu, kwa sababu misuli inayoliwa kwanza ni ya mapaja, nyonga na mabega. Mabega, yale yale aliyokuwa anayatafuta. Wengine hufika hatua kuchana nywele ni kazi. Ukisoma hapa unacheka, ujue aliyekaa mbele yangu hachekagi.

Na msuli ndio hasara ndogo. Sukari ya damu hupanda, kwa wengine hadi kisukari kamili. Mifupa hupoteza madini. Jicho hupata mtoto wa jicho katika umri wa kijana. Kinga hushuka, na katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, vimelea vilivyokuwa vimelala mapafuni miaka mingi hupata nafasi ya kuamka. Kisha kuna mtego wa mwisho: ukimeza kotisoli ya dukani kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo, ambazo kazi yake ni kuitengeneza, huacha kazi. Siku hela ya vidonge ikiisha ukakatiza ghafla, mwili unabaki bila ya dukani wala ya kwake. Kutapika, kizunguzungu, presha kuanguka. Watu hufa hivyo, na msibani husemwa ni malaria.

Sina ugomvi na deksa yenyewe. Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi kumi, iliokoa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia; vifo vyao vilipungua kwa theluthi. Dawa nzuri, kazi maalumu, muda maalumu. Kujaza shati si mojawapo ya kazi zake.

Mwenzake wa mara kwa mara ni siproheptadini, dawa ya mzio inayochochea njaa na kuleta usingizi. Haijengi msuli, inakufanya ule, halafu usinzie. Kwa dereva wa bodaboda barabara ya Nzega, sihitaji kuendelea.

Wajanja zaidi huniambia wao hawadanganyiki na deksa, wanataka sindano za kweli, testosteroni. Hizo zinafanya kazi, nitasema wazi. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la wanaume 43 kwa wiki kumi. Waliofanya mazoezi bila dawa walipata kilo mbili hivi. Waliodungwa miligramu 600 kwa wiki bila kunyanyua kitu chochote walipata kilo tatu na zaidi. Waliodungwa na kufanya mazoezi walipata kilo sita. Ndiyo maana picha za kwenye simu hazifai kuwa kipimo chako: unashindana na sindano. Lakini kuna jaribio jingine, la Shirika la Afya Duniani, lililochapishwa 1990, ambamo wanaume 271 walipewa testosteroni miligramu 200 tu kwa wiki. Lengo lilikuwa uzazi wa mpango. Zaidi ya nusu yao walifikia kutokuwa na mbegu hata moja. Na dozi hiyo ni theluthi tu ya ile ya jaribio la kwanza. Wengi wao mbegu zilirudi walipoacha, ila hao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari, si wa jamaa mwenye sindano ndani ya begi.

Mayai mabichi, kwa kuwa lazima mtu aulize: pika. Mwili hupata asilimia kama 90 ya protini ya yai lililopikwa na kama nusu tu ya lile bichi. Unatupa nusu ya hela yako na kujitafutia kuhara.

Basi, cha kufanya. Mara tatu kwa wiki, si kila siku. Kuchuchumaa na uzito, kuinua kutoka chini, kusukuma, kujivuta. Seti tatu au nne, marudio sita hadi kumi na tano, na yale mawili ya mwisho yawe ya tabu. Ongeza uzito kidogo kila unapoweza, na ili ujue unaongeza nini, pelekeni ndoo zenu za zege kwenye mizani ya mpunga mkaziandike kilo. Protini: gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, zaidi ya hapo hakuna faida. Mwenye kilo 60 anahitaji 96, na hazihitaji kopo la poda: ugali wa gramu 400 za unga una kama 32, gramu 50 za dagaa wakavu 30, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, gramu 50 za karanga 12, kikombe cha maziwa 8. Jumla 97. Anayebeba magunia apunguze mazoezi hadi siku mbili na aongeze sahani. Michembe na karanga katikati ya kazi ni rahisi na vinatosha. Lala saa saba au nane. Jipime kwa tepu kila baada ya miezi mitatu, si kila asubuhi mbele ya kioo. Kama unakula vizuri na bado unakonda, au una kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kiu isiyoisha, achana na habari za vyuma, njoo upimwe kifua kikuu, sukari, VVU na minyoo.

Na wewe ambaye umeshameza deksa kwa wiki tatu au zaidi: usiache leo peke yako. Njoo na pakiti yenyewe, na useme ukweli ulikuwa unameza vingapi, ili tukupunguzie kipimo hatua kwa hatua.