Vitabu Vinne kwa Rafu ya Nyumbani

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Lakini lugha isiyosomwa nyumbani hubaki ya amri na ya sokoni tu. Kutoka hapa Rebero, Kigali, napendekeza vitabu vinne.

Askari aliyemaliza zamu na aanze na "Mzimu wa Watu wa Kale" (1960) cha Muhammed Said Abdulla. Humo Bwana Msa na kiko chake hulifumbua fumbo la mauaji kwa akili, si kwa bastola.

Jioni ya familia yafaa "Kinjeketile" (1969), tamthilia ya Ebrahim Hussein juu ya Vita vya Maji Maji. Kila mtoto apewe nafasi yake, asome kwa sauti.

Asomaye Kifaransa atafute "Notre-Dame du Nil" (2012) cha Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda. Kinaonyesha jinsi chuki ya kikabila ilivyolelewa katika shule ya bweni ya wasichana.

La mwisho ni "Kusadikika" (1951) cha Shaaban Robert. Karama ashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Hujitetea kwa habari za wajumbe sita waliotupwa gerezani kwa kuitumikia nchi yao. Katika kilima hiki wamezikwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kuyapinga mauaji ya kimbari, nao hukumbukwa kila tarehe 13 Aprili. Mtoto akiuliza kwa nini msema kweli huuawa, Karama atamsaidia mzazi kujibu.

Mwenye fedha za kitabu kimoja tu, na anunue hicho.