Kutoka hospitalini si kupona

MTOTO aliyelazwa kwa nimonia, kuhara kwingi au homa ya uti wa mgongo anaporuhusiwa kwenda nyumbani, wazazi humshukuru Mungu, humaliza mambo ya malipo na kuwapokea majirani wanaokuja kumwona. Siku mbili tatu baadaye mama hurejea kazini. Kwa familia nyingi za mjini, ugonjwa huwa umekwisha hapo.

Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa humu nchini unaonyesha kwamba mambo sivyo yalivyo. Watafiti huko Kilifi walichapisha matokeo mwaka wa 2011 yaliyoonyesha kuwa, katika mwaka mmoja baada ya kuruhusiwa, watoto waliokuwa wamelazwa walifariki kwa kiwango kilichokaribia mara nane ya kile cha watoto wenzao wa eneo hilo. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2022 uliwafuata watoto zaidi ya 3,000 wa kati ya miezi 2 na 23 kutoka hospitali tisa za Afrika na Asia, zikiwemo za Kilifi, Mbagathi na Migori. Karibu nusu ya vifo vilivyotokea katika muda wa miezi sita vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Kwa nini? Dawa za hospitali huua viini vya ugonjwa, lakini hazirudishi nguvu zilizotumika kupigana navyo. Mtoto hutoka wodini akiwa amekonda, kinga yake ikiwa chini, na kurudi katika nyumba ile ile na maji yale yale. Walio katika hatari zaidi ni watoto wachanga, waliodhoofika kwa utapiamlo, walio na virusi vya Ukimwi, na wale ambao wazazi wao waliwaondoa kabla ya daktari kuidhinisha, mara nyingi kwa hofu ya gharama.

Wataalamu wamejaribu kutafuta njia ya mkato. Katika majaribio yaliyofanyiwa Kisii na Homa Bay, watoto 1,400 walipewa ama azithromaisini kwa siku tano walipokuwa wakiondoka hospitalini, ama dawa bandia isiyo na kitu. Matokeo ya mwaka wa 2021 hayakuonyesha tofauti yoyote katika idadi ya waliofariki au kulazwa tena. Kwa hivyo mzazi anayepita duka la dawa kununua chupa ya ziada "ya kusafisha mwili" anapoteza pesa ambazo zingenunua mayai.

<b>Chakula kwanza</b>

Mtoto anayepata nafuu huhitaji chakula zaidi ya alichokuwa akila kabla ya kuugua, kwa sababu ana uzito wa kufidia. Kwa aliyefikisha miezi sita, ongeza mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki mbili, na uendelee hadi uzito urudi. Hamu yake huwa ndogo, kwa hiyo mpe kidogo kidogo mara nyingi badala ya kumlazimisha kumaliza sahani. Uji uwe mzito. Uji unaomiminika kama chai hujaza tumbo bila kuleta nguvu. Utie maziwa, karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta. Omena waliosagwa, ndengu, mayai na maparachichi hupatikana katika soko lolote. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya aendelee kunyonya tu, mara nyingi zaidi, hata usiku.

Soda na vinywaji vya sukari ambavyo wageni hupenda kumletea mgonjwa heri wanywe wenyewe.

Unapompeleka kliniki, omba apimwe mzunguko wa mkono pamoja na uzito. Kwa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na anahitaji kutibiwa hata kama anacheza.

<b>Yaya aelezwe yote</b>

Hapa ndipo nyumba nyingi za mjini huteleza. Aliyeketi wodini na kusikia maagizo ya daktari ni mama, lakini atakayekaa na mtoto mchana kutwa ni yaya, ambaye huachiwa chupa na maneno matatu mlangoni: "Mpe dawa hii." Mwonyeshe jinsi ya kuitikisa chupa na kupima dawa kwa bomba au kijiko kilichokuja nayo, si kijiko chochote cha jikoni. Andika saa. Dawa imalizwe kama ilivyoagizwa hata kama mtoto anaonekana mzima, na ndugu yake anayekohoa asigawiwe.

Mweleze pia dalili zisizongoja jioni: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupatwa na degedege, kulegea na kuwa mgumu kuamka, kupumua haraka huku kifua kikibonyea chini ya mbavu. Kisha mwachie pesa za nauli na ruhusa ya wazi ya kumpeleka mtoto hospitalini kabla hajakupata kwa simu. Yaya anayeogopa kugombezwa atasubiri mwenye nyumba arudi, na saa hizo huenda ndizo zilizohitajika.

Wapo wanaompeleka mtoto kwa nyanya yake mashambani ili apate hewa safi na maziwa. Si vibaya, lakini kama ni maeneo ya ziwa au Pwani, alale ndani ya chandarua. Mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu katika maeneo ya malaria hukaa hatarini kwa miezi kadhaa. Utafiti wa Kenya na Uganda wa mwaka wa 2020 ulionyesha kuwa kumpa dawa za kuzuia malaria kwa miezi mitatu baada ya kuruhusiwa hupunguza vifo na kulazwa tena, na Shirika la Afya Duniani limependekeza hivyo tangu 2022. Muulize daktari.

Usishangae mtoto akianza kukojoa kitandani tena, kushtuka usiku au kukung'ang'ania. Sindano na vitanda vya ugeni humtia hofu, ambayo hupungua akikaa na watu anaowazoea. Ile tabia ya kumtisha kwamba daktari atamdunga asipokula ikomeshwe kabisa, kwani bado ana siku za kurudi kliniki.

Aliyeugua homa ya uti wa mgongo lazima apimwe masikio kabla ya kuondoka hospitalini au katika wiki chache zinazofuata. Ugonjwa huo unaweza kuharibu usikivu bila maumivu yoyote, na mtoto asiyesikia huadhibiwa kwa ukaidi. Mwite jina akiwa amekupa mgongo, televisheni ikiwa imezimwa. Asipogeuka, mrudishe mapema. Na hata akigeuka, kipimo cha hospitali bado kifanywe, kwa kuwa sikio moja linaweza kuwa zima na lingine limekufa.