Ahadi ya Kupunguza Kodi: Mambo Yaliyotokea Kansas

Marekani ni nchi ya majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, mahakama zake na baraza lake la kutunga sheria. Mambo ya vita na ya nchi za nje huamuliwa Washington. Lakini mengi yamgusayo raia kila siku, kama shule ya mtoto wake, barabara ya kupelekea mavuno sokoni na kodi ya bidhaa za dukani, huamuliwa katika baraza la jimbo. Kwa sababu hiyo, mtu aombaye kura ili aingie katika baraza hilo hana budi kueleza msimamo wake waziwazi, na yafaa maneno yake yapimwe kama nafaka ipimwavyo katika mizani.

Kansas ni jimbo la wakulima wa ngano na wafugaji wa ng'ombe, nalo liko katikati ya nchi ile. Baraza lake hukutana katika mji wa Topeka. Lina nyumba mbili: ya kwanza ina wajumbe 125 wachaguliwao kila baada ya miaka 2, na ya pili ina maseneta 40 wachaguliwao kila baada ya miaka 4. Kwa miaka mingi chama cha Republican ndicho kilichokuwa na wajumbe wengi, lakini ndani yake mna makundi mawili: watu wa msimamo wa kadiri, na wahafidhina, yaani wale washikao desturi za zamani na wasiopenda Serikali ipanuke.

Mhafidhina asimamapo mbele ya wapiga kura, maneno yake hufahamika upesi. Kwanza, kodi ipunguzwe, kwa kuwa fedha ni mali ya aliyeitolea jasho. Pili, Serikali isitumie zaidi ya inavyohitaji. Tatu, shule ziongozwe na wazazi na halmashauri za mahali, wala majaji wasiamuru kiasi cha fedha za kutumiwa. Nne, raia asizuiwe kuwa na bunduki. Tano, sheria imkinge mtoto aliye tumboni. Maneno haya hayatoki hewani. Asili yake ni imani kwamba ajuaye haja ya shamba ni mwenye shamba mwenyewe.

Mwaka 2012 ahadi ya kwanza ilitimizwa. Mwezi wa Mei, Gavana Sam Brownback alitia sahihi sheria iliyoshusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 6.45 hadi asilimia 4.9. Tena faida ya wenye biashara ndogo na wenye mashamba iliondolewa kabisa katika kodi ya mapato ya jimbo. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, katika uchaguzi wa ndani wa chama, wahafidhina waliwashinda maseneta kadhaa wa msimamo wa kadiri. Tumaini lao lilikuwa kwamba mwenye duka angebakiwa na fedha, angeajiri watu zaidi, na biashara zilizokua zingeijaza hazina upya.

Hazina haikujaa. Watu zaidi ya 300,000 walisamehewa kodi ya faida zao, na hapo palizuka neno lililowaudhi wengi. Mwenye duka hakutozwa kodi ya jimbo kwa faida yake, lakini karani wake, aliyelipwa mshahara, alitozwa. Hata mkulima hakupata nafuu kila mwaka, kwa kuwa sheria iliyoacha kutoza faida ya shamba ilimkataza pia kutoa hasara ya shamba katika hesabu ya kodi yake.

Pengo lilipokuwa kubwa, ilibidi lizibwe. Fedha zilizokusudiwa barabara kuu zilihamishwa kwenda kwenye matumizi mengine. Mwaka 2015 shule za wilaya chache zilifungwa kabla ya siku zake kwa upungufu wa fedha. Mwaka huo kodi ya mauzo ilipandishwa kutoka asilimia 6.15 hadi asilimia 6.5, na huko Kansas kodi hiyo ilitozwa hata kwenye chakula. Basi mzigo uliopunguzwa kwa mwenye faida ulimwangukia mnunuzi wa mkate na maziwa.

Walioitetea sheria ile walikuwa na hoja zao. Walisema kwamba bei ya nafaka na ya mafuta ilishuka katika miaka ile, na kwamba matumizi ya Serikali hayakupunguzwa kwa kadiri ya kodi iliyoondolewa. Hoja hiyo ya pili ndiyo yenye fundisho, maana yaonyesha kwamba kura ya kupunguza kodi ilipatikana kwa wepesi kuliko kura ya kutaja kitakachokatwa.

Wapiga kura walitoa hukumu yao Agosti 2016, ambapo wahafidhina wengi waliokuwa barazani walishindwa na watu wa chama chao wenyewe. Machi 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo iliamua kwamba fedha za shule hazikutosha. Tarehe 6 Juni 2017 baraza liliifuta sehemu kubwa ya sheria ya 2012. Gavana alikataa, lakini kukataa kwake kulishindwa kwa kura 88 dhidi ya 31 katika nyumba ya wajumbe, na 27 dhidi ya 13 katika nyumba ya maseneta. Kura 27 ndiyo hesabu ndogo kabisa iliyotakiwa. Kama seneta mmoja tu angegeuka, mambo yangebaki kama yalivyokuwa. Kodi ya jimbo juu ya chakula ilichukua muda zaidi: sheria ya 2022 iliipunguza hatua kwa hatua hata ikaisha tarehe 1 Januari 2025.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haja ya kulipa kodi ndogo ni haja ya haki, na mjumbe aitajaye hastahili kulaumiwa. Lakini msimamo wake juu ya kodi hautengani na msimamo wake juu ya shule na barabara, kwa kuwa yote hutoka katika mfuko mmoja. Mpiga kura mwenye busara humwuliza mambo matatu kabla ya siku ya uchaguzi: ni nani atakayepunguziwa, ni kazi gani itakayoachwa, na ni nani atakayelipa iwapo hesabu haitatimia.