Kisiwa ambako mpunga hushikwa kwa adabu

MAMA mjamzito hupenda vitu vichachu. Hilo, msomaji mpenzi, huhitaji kuambiwa. Lakini je, umewahi kusikia mkulima akilipelekea shamba lake matunda machachu kwa kuwa mpunga nao una mimba?

Hiyo ni desturi ya tangu jadi katika vijiji kadha vya kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Masuke yanapoanza kuvimba ndani ya mabua, mkulima huandaa rujak, yaani matunda yaliyokatwakatwa na kutiwa pilipili, akayaweka shambani. Kwake yeye mpunga si mmea tu. Ni Dewi Sri, bibi wa mpunga, ambaye akitunzwa hushibisha nyumba na akidharauliwa huondoka zake.

Java haifikii hata robo ya Kenya kwa ukubwa, ilhali ina wakazi zaidi ya milioni 150. Wengi wao ni Waislamu. Hata hivyo, mila za kale hazikufutika. Karamu ya dua huko huitwa slametan, neno lenye asili moja na 'salama' yetu. Nayo sherehe ya wavuvi huitwa sedekah laut, yaani sadaka ya bahari. Wapo Waislamu wanaozipinga sherehe hizi wakisema ni ushirikina. Wenyewe hujibu kuwa wanamshukuru Mungu kwa alivyowapa.

Kisu cha kiganjani

Hebu tutazame mavuno. Zamani wanawake wa Java walivuna kwa ani-ani, kisu kidogo kinachofichika kiganjani na kukata suke moja moja. Iliaminika kuwa Dewi Sri akiuona mundu angeshtuka.

Utasema huo ni upotezaji wa wakati. Ngoja kwanza. Kwa kuwa kazi ilikwenda polepole, mikono mingi ilihitajika. Wanawake maskini wasio na shamba walikuja kuvuna, na kila mmoja akarudi nyumbani na fungu lake la mpunga.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Mbegu mpya za mpunga mfupi zilifika, na mundu ukafuata. Wenye mashamba wengi wakaanza kuwauzia wafanyabiashara mpunga ungali umesimama, nao wakaja na wavunaji wao wachache. Mavuno yaliongezeka, lakini wanawake wengi waliachwa kando ya shamba, mikono mitupu. Kumbe heshima kwa mpunga ilikuwa pia chakula cha jirani!

Aidha, kuna bersih desa, yaani usafi wa kijiji, ambao aghalabu hufanywa baada ya mavuno. Wanakijiji hufagia njia, husafisha makaburi na kuzoa takataka kwenye chemchemi, kisha hula pamoja. Mti mkubwa ulio kando ya chemchemi haukatwi ovyo, kwa kuwa huaminika kuwa na mwenyewe asiyeonekana. Anayeogopa pepo na anayejua kazi ya mizizi wote wawili huuacha mti usimame, na maji yakaendelea kutoka.

Mlima unapokasirika

Mjini Yogyakarta, kila mwaka ikulu ya Sultani hufanya sherehe ya labuhan kuadhimisha kutawazwa kwake. Vitambaa na maua hupelekwa ufuoni Parangkusumo kwa ajili ya Malkia wa Bahari ya Kusini, na sadaka nyingine hupandishwa Mlima Merapi, volkano iliyo umbali wa kilomita 30 hivi kutoka mjini. Mlimani anayeongoza sherehe huitwa juru kunci, yaani mshika ufunguo.

Kwa miaka mingi mshika ufunguo huyo alikuwa mzee Mbah Maridjan. Mnamo Oktoba 25, 2010, wataalamu walitangaza hatari ya kiwango cha juu kabisa na watu wakatakiwa kuhama. Mzee alikataa kuacha zamu yake. Kesho yake wingu la moto lilishuka likamuua pamoja na wengine kijijini mwake. Milipuko ya mwaka huo iliua watu zaidi ya 300.

Je, mila ilimponza? Nadhani jibu si jepesi. Sherehe yenyewe inafundisha kwamba mlima si mali ya binadamu. Basi anayeuheshimu hana budi kuusikiliza unapotoa sauti, hata kama sauti hiyo inasomwa na mtaalamu kwenye chombo chake. Labuhan ingali inafanywa Merapi, na mtoto wa mzee huyo ndiye aliyerithi ufunguo.

Msomaji, sadaka ya maua peke yake haisafishi chemchemi. Husafishwa na mikono ya wale walioamka alfajiri na fagio kabla karamu haijapakuliwa.