Usiache Maharage Kabla ya Kujua Ugonjwa Wako

Mtu akianza kuumwa viungo, kabla hajafika hospitali amekwishapewa orodha ya makatazo. Jirani anamwambia aache nyama nyekundu. Shemeji anaongeza maharage na kunde. Ujumbe unaosambazwa kwenye WhatsApp unapiga marufuku nyanya, bilinganya na viazi mviringo, na muuza dawa wa mtaani anamalizia kwa dagaa na limau. Akiifuata orodha yote anabaki na ugali na kabichi, na maumivu yako palepale. Wagonjwa wa namna hii tunawapokea mara kwa mara kliniki: wamekonda, wamechoka, na bado hawajaambiwa ugonjwa wenyewe ni upi.

Swali lao ni la haki. Je, chakula kinaweza kuamsha maumivu ya viungo? Kinaweza, lakini inategemea unaumwa nini. Maumivu ya viungo ni dalili ya magonjwa mengi, na matatu yanayotuletea wagonjwa wengi yana uhusiano tofauti kabisa na chakula. Makatazo ya mgonjwa wa kwanza yanaweza kuwa hasara tupu kwa wa pili.

Tuanze na jongo, ambalo wengine huliita gauti. Hapa chakula kina mkono wake. Ndani ya chembe hai za miili yetu, na za nyama na mimea tunayokula, kuna kemikali ziitwazo purini. Zikivunjwavunjwa mwilini huacha asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuimalizia asidi hiyo, binadamu hatuna. Kazi ya kuitoa imebaki kwa figo, zinazotoa kama theluthi mbili yake, na utumbo unaotoa sehemu iliyobaki. Ikizidi takriban miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu, inaweza kuanza kuganda kuwa fuwele zenye ncha kali ndani ya viungo. Ni kama sukari iliyozidi kwenye chai: chai ikiwa ya moto huioni, ikipoa inatuama chini ya kikombe. Ndiyo maana kidole gumba cha mguu, kilicho mbali na joto la katikati ya mwili, mara nyingi ndicho kinachoshambuliwa kwanza.

Shambulio lenyewe halifichiki. Mtu amelala mzima, pengine baada ya jioni ya nyama choma na bia. Usiku wa manane anaamshwa na kidole kilichovimba, cha moto, ngozi imevutika hadi inang'aa. Hata shuka likikigusa hawezi kuvumilia, na asubuhi kiatu hakiingii.

Mwaka 2012 watafiti wa Boston walichapisha matokeo yaliyotokana na wagonjwa 633 wa jongo. Kila mgonjwa alilinganishwa na yeye mwenyewe: alikula nini katika siku mbili zilizotangulia shambulio, na alikula nini katika siku mbili nyingine alipokuwa hana maumivu. Purini zilipokuwa nyingi kabisa, uwezekano wa kushambuliwa ulikuwa karibu mara tano ya pale zilipokuwa chache kabisa. Zilizotoka kwenye nyama na samaki zilikuwa na nguvu kubwa kuliko za mimea. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2004, ulikuwa umefuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12. Waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi walipata jongo zaidi. Mboga zenye purini, pamoja na jamii ya maharage, hazikuongeza hatari, na maziwa yaliipunguza.

Kwa hiyo mgonjwa wa jongo aogope vitu vinavyostahili kuogopwa: maini, figo, bongo na utumbo, supu nzito ya nyama, maana purini huyeyuka na kubaki kwenye mchuzi, dagaa kwa wingi, na bia, ambayo inaleta purini zake na wakati huohuo kileo kinazuia figo kutoa asidi. Aiogope na soda. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wanaume waliokunywa soda mbili au zaidi zenye sukari kwa siku walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 85 kuliko wale wasiozidisha moja kwa mwezi. Anywe maji ya kutosha. Maharage aendelee nayo kwa kiasi, kwani kwa familia nyingi ndiyo protini ya kila siku, na hakuna sababu nzuri ya kuwanyang'anya.

Hata hivyo, chakula peke yake mara chache hutosha. Mlo mkali wa kupunguza purini hushusha asidi ya yuriki kwa kiasi cha miligramu moja hivi kwa desilita. Mtu mwenye 9, anayetakiwa kushuka chini ya 6, hawezi kufika kwa kuacha nyama tu. Wengi wamerithi figo zinazoitoa asidi hiyo polepole, na wengine hupandishiwa na vidonge vya shinikizo la damu vya kuongeza mkojo. Usiviache mwenyewe, lakini mwulize daktari kama vinaweza kubadilishwa. Dawa ya kushusha asidi ipo tangu miaka ya 1960. Inaitwa alopurinoli, na Gertrude Elion, mmoja wa walioitengeneza, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Miezi ya mwanzo ya kuitumia mashambulio yanaweza kuongezeka kadiri fuwele za zamani zinavyoyeyuka. Wengi huiacha hapo, wakidhani imewadhuru au wamekula kibaya, ilhali ndipo inapoanza kazi.

Ugonjwa wa pili ni kusagika kwa viungo, hasa magoti na nyonga. Hapa hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba chakula fulani ukikila leo goti litaamka kesho. Chakula kinaingia kwa mlango wa uzito. Utafiti wa mwaka 2005 kwa wazee wenye magoti yaliyosagika ulipima kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Mama anayepunguza kilo tano huku akifanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja amelisaidia goti lake kuliko anayekimbia nyanya mwaka mzima.

Wa tatu ni baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa muda mrefu. Mwaka 1991 watafiti wa Oslo waliwafungisha wagonjwa kwa siku 7 hadi 10, kisha wakawapa chakula cha mboga kwa mwaka mmoja. Baadhi walipata nafuu ya kweli, wengine hawakupata. Mwongozo wa madaktari bingwa wa viungo wa Marekani wa mwaka 2022 unapendekeza mlo wa nchi za Mediterania: mboga za majani, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki, na mafuta ya zeituni. Haupendekezi milo mingine maalumu wala virutubisho vya chupa. Kwetu, ugali wa dona, mchicha, kunde na vibua vinakaribia sana sahani hiyo. Lakini huo ni msaada wa pembeni. Kinachozuia vidole visipinde ni dawa kama methotreksati ikianzwa mapema, na anayeiacha kwa sababu amepata mlo mzuri anahatarisha mikono yake.

Sasa waangalie dagaa. Mafuta yao ya omega-3 yanaweza kumpunguzia kidogo maumivu mgonjwa wa baridi yabisi. Purini zao zinaweza kumwangusha mgonjwa wa jongo. Sahani ni ileile. Kilichobadilika ni ugonjwa. Orodha moja ya makatazo kwa kila anayeumwa viungo haiwezi kuwa sahihi.

Na nyanya? Shutuma dhidi ya nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo zilienezwa miaka ya 1970 na Norman Childers, mtaalamu wa kilimo cha bustani wa Marekani. Hadi leo hazijapata ushahidi mzuri. Zinaaminika kwa sababu magonjwa haya hupanda na kushuka yenyewe. Shambulio la jongo, hata bila tiba, kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Chochote ulichoacha siku ya tatu kitapewa sifa siku ya kumi.

Ukiwa na shaka na chakula fulani, kichunguze kwa utaratibu. Andika kwenye daftari ulichokula na namna viungo vilivyoamka. Acha chakula hicho kimoja tu kwa wiki tatu au nne, bila kugusa dawa zako, kisha kirudishe na uangalie. Maumivu yakirudi nacho zaidi ya mara moja, mwili wako umetoa ushahidi. Yasiporudi, endelea kula.

Kuna jambo moja lisilongoja daftari. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani bakteria wakiingia ndani ya kiungo wanaweza kukiharibu kwa siku chache.

Kwa mengine yote, ingia kliniki na maswali haya: ugonjwa wangu unaitwaje, umethibitishwa kwa kipimo gani, na kwa ugonjwa huo ni chakula gani hasa nipunguze? Ukiondoka na orodha ndefu ya makatazo bila jina la ugonjwa, rudi ukaulize tena.