KIJIJI KIMYA PEMBENI YA KAZINO

Ukiuliza watu ni muji gani katika dunia unaopata feza nyingi kupita yote kwa michezo ya karata na masini, wengi watakujibu: Las Vegas, kule Marekani. Lakini mwaka 2006 Las Vegas ilipitwa. Aliyeipita ni Macau, muji mudogo pembeni ya bahari, kusini mwa China. Na mwisho wa njia ya basi ya muji ule ule, kuna kijiji kinaitwa Coloane, pahali watu wanauza samaki wakavu mbele ya nyumba zao na wazee wanazungumuza chini ya miti. Leo tutembee huko pamoja. Wewe unayeishi karibu na mugodi, njiani utakutana na mambo unayoyajua.

KWANZA, MUJI WENYEWE

Macau yote ni kilometre za mraba 33 hivi, na watu wanakaribia 700.000. Wareno walikuja kukaa pale tangu 1557, na waliurudisha muji kwa China tarehe 20 Desemba 1999. Michezo ya feza iliruhusiwa tangu karne ya 19. Kutoka 1962 kampani moja tu ilikuwa na ruhusa ya kuendesha kazino. Mwaka 2002 mulango ulifunguliwa kwa kampani zingine, hata za Wamarekani, na hapo mambo yakageuka mbio.

Pahali pa kujenga palikosekana. Basi wakamwanga udongo katika bahari, kati ya visiwa viwili, Taipa na Coloane. Udongo ule mupya wakauita Cotai, ni kusema vipande vya majina yale mawili. Juu yake wakasimamisha mahoteli makubwa yenye mataa yasiyozimika, usiku na muchana. Mwaka 2013 kazino za Macau zilipata karibu miliari 45 za dola za Marekani kwa mwaka moja.

Vijana walifanya nini? Kazi ya kugawa karata kwenye meza za kazino inawekewa wenyeji tu, na mushahara wake ni muzuri. Kwa hiyo katika miaka ile ya feza nyingi, vijana wengi waliona masomo ni njia ndefu ya bure. Kuko namna gani kwetu? Mutoto anayeacha daftari juu ya kufuata mashimo, unamufahamu. Pengine anaishi katika lupango yako.

SASA TUFIKE KIJIJINI

Basi inapita Cotai, mahoteli yanabaki nyuma, vilima vyenye miti vinaanza, kisha gari inasimama kwenye kiwanja kidogo. Hapa ndipo Coloane. Zamani ilikuwa kisiwa kabisa; mupaka mwisho wa miaka ya 1960 ulikuwa unafika kwa masua tu. Ngambo ya maji membamba unaona China yenyewe.

Nyumba ni fupi, njia ni nyembamba. Katika kiwanja kingine mbele ya maji kuna kanisa dogo la Wakatoliki, lilijengwa 1928. Mbele yake kuna jiwe la ukumbusho la mwaka 1910. Mwezi wa saba wa mwaka ule, wezi wa bahari walikuwa wameiba watoto na kuwaficha katika kisiwa hiki wakingoja wazazi walipe. Waaskari wa Wareno walikuja kupigana nao. Unaona? Hata kijiji hiki kimya kiliwahi kujua wezi na damu. Amani yake haikuanguka toka juu tu.

Karibu na pale kuna duka la mikate. Mwaka 1989 Mwingereza mumoja, Andrew Stow, aliyekuwa mutu wa kazi ya dawa, alifungua furu ndogo katika kijiji hiki, akaiita Lord Stow's. Alichukua keki ndogo ya mayai ya Wareno, akaigeuza kwa namna yake. Leo keki ile inajulikana katika inchi nyingi za Asia, na watalii wanatoka kwenye mahoteli makubwa kuja kusimama mustari mbele ya duka. Stow alikufa 2006, lakini furu ingali inawaka. Kazi ya mikono, ikifanywa vizuri kila asubui, inaweza kumupita aliyeianza.

KAZI ILIYOKUFA NA KAZI ILIYOFUFUKA

Lakini tusidanganyane, ndugu. Si kila kazi ya mikono iliokoka. Tembea kidogo toka kiwanjani, utafika Lai Chi Vun. Pale mafundi walikuwa wanatengeneza masua makubwa za mbao za wavuvi. Baba alifundisha mutoto, fundi alifundisha mwanafunzi. Kisha wavuvi walipunguka, masua za chuma zikaja, na vijana hawakuja tena kushika randa na nyundo. Leo hakuna masua inayotoka pale. Serikali iliandika pahali pale kati ya mambo ya kulindwa mwaka 2018, na mwaka 2023 ikafungua sehemu moja kwa wageni. Ni vizuri. Lakini kulinda karakana ni kitu kimoja, kulinda ufundi ni kingine. Ufundi unakaa katika mikono, na mikono ya wazee haingoji.

Ngambo ingine ya Coloane kuna pahali panaitwa Ka Ho. Zamani wagonjwa wa ukoma walitengwa pale, mbali na macho ya muji. Mwaka 1963 padri mumoja Mwitalia, Gaetano Nicosia, alikwenda kukaa nao. Hakuwatembelea tu na kurudi. Alikaa nao kwa miaka makumi. Walipata maji, umeme, bustani, kuku, na kanisa lililojengwa 1966. Watu waliohesabiwa kama wamekwisha kufa wakakuwa tena wanakijiji. Muzee huyu alikufa 2017, akiwa na miaka 102. Leo katika nyumba zile zile za zamani kuna duka la kahawa pahali watu walioacha madawa ya kulevya wanajifunza tena kazi. Muji ulitupa watu pale. Pale pakawa pahali pa kuinua watu.

SHERIA YA KUSHANGAZA

Sasa, vijana, musikilize neno hili vizuri. Katika Macau mutu asiyetimiza miaka 21 haruhusiwi kuingia kazino; zamani ilikuwa 18, waliongeza mwaka 2012. Wafanyakazi wa serikali wanakatazwa kucheza. Na tangu Desemba 2019 hata wafanyakazi wa michezo ndani ya kazino, kama wale wanaogawa karata, hawaruhusiwi kuingia vyumba vya kucheza wakiwa nje ya saa zao za kazi, isipokuwa siku tatu za kwanza za mwaka mupya wa Wachina. Zaidi ya ile, mutu anayeona mucezo umemushika anaweza kuandika barua yeye mwenyewe aombe afungiwe mulango.

Fikiri kidogo. Ukimuona mupishi anakatazia wafanyakazi wake wote kula katika chungu chake, wewe utanyoosha sahani? Wale wanaojua mucezo toka ndani ndio wanaokingiwa wasiuguse. Na wewe, kijana wa Kolwezi ao Likasi, unapeleka feza ya unga kwa kubahatisha matokeo ya mupira, ukisema leo ndiyo siku yangu!

TUSEME UKWELI WOTE

Kuna wale watakaosema: lakini Mchungaji, kazino zinalisha muji. Ni kweli. Sehemu kubwa ya feza ya serikali inatoka kwa kodi ya kazino. Tangu 2008 wakaaji wanagawiwa feza kila mwaka, na muzee wa Coloane anayekausha samaki anapokea yake kama wengine. Kijiji hakiishi peke yake, kinakula pia katika sahani ya muji. Sisi vilevile, shaba na kobalti zimejenga masomo, hospitali na nyumba zetu. Hatuwezi kulaani mugodi kisha kutuma mutoto kuomba kazi kule.

Lakini angalia mwaka 2020. Ugonjwa wa Covid ulipokuja, kazino zilifungwa siku 15 katika mwezi wa pili, na wageni wakakosekana mwaka muzima. Kwa kila dola 5 zilizoingia 2019, iliingia 1 tu. Muji unaosimama kwa muguu moja, muguu ule ukiteguka, unaanguka wote. Wazazi wetu waliona bei ya shaba ikianguka. Hawahitaji kufundishwa jambo hili na Wachina. Mezali 13:11 inalisema kwa maneno machache. Fungueni mulisome pamoja.

Basi, tusichague kati ya muji na kijiji kama vile moja ni mbingu na ingine ni jehanamu. Tuulize tu: feza ya mbio inapopita katika nyumba yetu, inaacha nini nyuma yake? Coloane ina furu inayowaka, ina kanisa, ina wazee wanaoitwa kwa majina yao, ina Ka Ho. Lakini randa za Lai Chi Vun zimenyamaza. Baba na mama, ule ufundi munaoujua, kushona, kuchonga, kulima, kutengeneza masini, mufundishe mutoto mumoja mwaka huu, mungali na nguvu.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA

1. Mugodi ukifungwa kesho, jamaa yetu itaishi kwa kazi gani?
2. Nani katika nyumba hii anajua ufundi ambao bado hajamufundisha mwingine?
3. Kati ya jirani zetu, nani ametupwa pembeni kama watu wa Ka Ho, na nani atakwenda kukaa naye?